Wilaya ya Kutná Hora, Ucheki: ardhi yake na urithi wake

Mwalimu_wa_Ramani

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninaandaa somo la jiografia ya Ulaya ya Kati kwa wanafunzi wa kidato cha tano, na nimechagua wilaya ya Kutná Hora, iliyo mashariki ya Praha. Nina maswali mawili. Ramani zinaionyesha kama wilaya, lakini maandishi mengine yanaeleza kwamba ofisi za wilaya nchini Ucheki zilikwisha kufutwa; je, wilaya hii ipo au haipo? La pili linanisumbua zaidi: eneo lisilofikia kilometa za mraba 1,000, lenye watu wapatao 75,000, limewezaje kuwa na makanisa yanayolingana na ya miji mikuu? Picha zinazosambaa mitandaoni ni za kanisa la mifupa la Sedlec peke yake, lililopambwa kwa mifupa ya watu, nami sitaki wanafunzi wangu wabaki na picha hiyo tu.

Msomaji wa Bara

Mwalimu, wilaya ipo, ila haitawali tena. Wilaya za sasa zilichorwa mwaka 1960, na ofisi zake zikafungwa mwishoni mwa mwaka 2002, baada ya nchi kugawanywa katika mikoa 14. Kutná Hora imo katika Mkoa wa Bohemia ya Kati; Bohemia ni sehemu ya magharibi ya Ucheki, na zamani ilikuwa ufalme. Kazi za serikali zinazomhusu mwananchi wa kawaida zilihamishiwa kwenye miji, na ndani ya wilaya hii miji yenye mamlaka hayo ni miwili, Kutná Hora na Čáslav. Mpaka wa wilaya umebaki kuwa wa takwimu na wa baadhi ya vyombo vya dola, kama mahakama.

Jibu la swali lako la pili liko chini ya ardhi, nalo ni madini ya fedha. Mwishoni mwa karne ya 13 watu walimiminika hapa kuchimba, na mwaka 1300 mfalme Václav II akatoa sheria ya migodi iliyoratibu haki na wajibu wa wote walioshiriki katika uchimbaji. Mwaka huohuo, kwa msaada wa mafundi kutoka Italia, alianza kupiga sarafu za fedha zilizoitwa groschen za Praha katika jengo ambalo hadi leo linaitwa Ua wa Kiitalia. Mgodi mmoja, Osel, ulifika kina cha zaidi ya meta 500, jambo la kustaajabisha ukikumbuka kwamba maji na mawe yote yalipandishwa kwa nguvu za watu na farasi. Mji huu ukawa wa pili kwa uzito katika Bohemia baada ya Praha.

Kanisa la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi, lilianza kujengwa mwaka 1388 kwa mali ya raia wenyewe, nje ya eneo lililokuwa chini ya watawa wa monasteri ya Sedlec iliyo jirani, kwa sababu matajiri wa migodi walitaka kanisa lisilosimamiwa na monasteri. Lisome kama daftari la hesabu za mji: vita vya wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa mageuzi ya kanisa, vilipozuka katika karne ya 15 kazi ilisimama, madini yalipopungua katika karne ya 16 ilisimama tena, na jengo halikukamilika hadi mwaka 1905. Ndani yake kuna michoro ya ukutani inayowaonyesha wapiga sarafu wakiwa kazini. Binafsi naona michoro hiyo ndiyo hazina kubwa kuliko zote wilayani, maana ni nadra wafanyakazi wa zama hizo kupewa nafasi katika kuta za kanisa.

Binti Mto

Naomba kuongeza, kwa kuwa wilaya si mji mmoja. Kaskazini ardhi ni tambarare na yenye rutuba, ikiteremka kuelekea mto Labe. Kusini inapanda kuwa vilima hadi bonde la mto Sázava. Kwenye tambarare ndiko Čáslav iliko, mji wa wakulima na wa mikutano mikubwa: mwaka 1421 baraza lililokutana hapo lilimkataa Sigismund, mfalme wa Hungaria, asiwe mfalme wa Bohemia, na mwaka 1742 majeshi ya Prussia na Austria yalipigana karibu yake, Chotusice. Kusini kuna Zruč nad Sázavou, uliokua kwa kiwanda cha viatu cha Baťa, na jirani yake bwawa la Švihov kwenye mto Želivka, linaloipatia Praha sehemu kubwa ya maji ya kunywa. Kwa ajili ya bwawa hilo mji wa Dolní Kralovice, katika wilaya jirani ya Benešov, ulibomolewa na wakazi wake wakahamishiwa mahali pengine. Tafadhali wanafunzi waelezwe hilo pia, kwani maji ya mji mkuu yaligharimu makazi ya watu.

Mwalimu_wa_Ramani

Nawashukuruni sana. Je, kuhusu ile mifupa ya Sedlec, niseme nini bila kuigeuza kuwa kioja?

Msomaji wa Bara

Anza na monasteri, iliyoanzishwa mwaka 1142, ya kwanza ya Wasistersiani, shirika la watawa wa Kikatoliki, katika Bohemia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1278 abati, yaani mkuu wa monasteri, alileta udongo kutoka Yerusalemu akaunyunyiza makaburini, na tangu hapo watu wa mbali walitamani kuzikwa hapo. Kisha tauni ya karne ya 14 na vita vikaongeza maiti kupita uwezo wa uwanja. Mifupa inakadiriwa kuwa ya watu 40,000 au zaidi, na mpangilio wa sasa ni wa František Rint, mchonga mbao, wa mwaka 1870. Tangu mwaka 2020 wageni hawaruhusiwi kupiga picha humo bila kibali, kwa heshima ya marehemu. Kanisa kuu lililo hatua chache kutoka hapo limo pamoja na mji wa kale na Mtakatifu Barbara katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 1995, kwa hiyo waonyeshe wanafunzi hilo kwanza, kisha kanisa la mifupa.