Kikundi cha familia: Zuhura yuko Bijagós

Zuhura: Shikamooni wote. Nimefika Bubaque salama. Mtandao ulikata tangu tutoke Bissau.

Mama: Marahaba mwanangu. Alhamdulillah. Usiku kucha sikulala. Bubaque ndiyo wapi tena?

Zuhura: Pole mama. Ni kisiwa, kwenye visiwa vya Bijagós, huku Guinea-Bissau. Viko 88, vinavyokaliwa na watu ni kama 20 tu. Tumekuja na mtumbwi wa mashine: watu, mbuzi, magunia ya mchele, wote humo.

Hamisi: Jaketi la kuokolea ulivaa?

Zuhura: Nilivaa kaka. Nilinunua langu Dakar, maana nilijua kwenye mtumbwi hayatoshi.

Shangazi: Kwani si ulipanda ndege wewe?

Zuhura: Ndege mpaka Dakar, shangazi. Pale nikachukua meli ya usiku hadi Ziguinchor, kusini mwa Senegal. Halafu Peugeot kuukuu ya abiria saba, tukagonga mihuri São Domingos, tukashuka Bissau. Gari haliondoki mpaka lijae, na mtumbwi unasubiri maji. Anayetaka kuja huku aje na siku za ziada.

Mama: Unakula nini?

Zuhura: Wali na samaki. Jana mchuzi wa karanga, wanauita caldo de mancarra. Karanga zimesagwa laini, zikapikwa mpaka mafuta yakaelea juu, ndimu na pilipili pembeni. Mama ungeupenda.

Zuhura: Halafu korosho! Toka mpakani ni mikorosho pande zote, utadhani naenda Newala. Msimu wao ndio huu wa Mei, wakati sisi tunangoja Oktoba. Kina mama wanakaa chini ya miti, wananyofoa korosho, mabibo wanakamua. Maji yake yakichacha ni pombe, uraka kabisa, wao wanasema vinho de caju.

Shangazi: Ehee. Na bei je?

Zuhura: Bei ndiyo inauma. Karibu mauzo yote ya nchi nje ni korosho, na nyingi zinaondoka ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Wakulima wengine hawashiki hata pesa: mfanyabiashara analeta mchele, anaondoka na korosho.

Shangazi: Hiyo si kangomba hiyo, ya kumlalia mkulima kwa bei ya kutupa! Njaa ya masika ndiyo inayowauza hao. Nimeyaona hayo kwa macho yangu Tandahimba, wallahi inaniuma.

Mjomba: Zuhura, kaburi la Amílcar Cabral, aliyeongoza vita ya uhuru huko, umelizuru?

Zuhura: Ndiyo mjomba. Liko ndani ya ngome ya Amura, na ngome ina wanajeshi. Niliomba ruhusa getini, askari akanisindikiza. Nilipomwambia natoka Tanzania akanipa mkono. Nilisoma Fatiha kwa wote waliokufa vitani, nikatoka.

Mjomba: Umefanya vizuri sana. Cabral alikuja Dar mwaka 1965, kwenye mkutano wa vyama vilivyokuwa vinapigana na Mreno. Akauawa Conakry, nchi jirani ya Guinea, Januari 20, 1973. Uhuru ukatangazwa Septemba mwaka uleule, mwenyewe hakuuona. Dada alipokataa usiende, mimi nilikusimamia kwa sababu hiyo. Mtu wa Mtwara anatakiwa aijue nchi ile. Vita ya Mreno sisi tuliisikia ng'ambo ya Ruvuma.

Hamisi: Lakini mjomba, huko wanajeshi si wanapindua serikali mara kwa mara?

Zuhura: Ni kweli kaka, na silichukulii kirahisi. Bissau nilikuwa nauliza hali kila asubuhi kabla ya kutoka, na usiku sikuzurura. Pesa nimebeba taslimu, faranga za CFA, huku visiwani usitegemee mashine ya benki. Kadi ya homa ya manjano ninayo.

Mama: Sasa unarudi lini?

Zuhura: Kwanza Orango, mama. Kuna viboko wanaoingia mpaka baharini. Tunakwenda kwa miguu na mwongozaji wa hifadhi, tunawaangalia kwa mbali.

Mama: Viboko kwa miguu?

Mjomba: Dada, mwongozaji ni mwenyeji, anajua walipo.

Zuhura: Nitakaa nyuma yake muda wote, naahidi. Ila mtandao wa Orango siuahidi. Nikirudi Bubaque napiga simu kabla hata ya kula.

Mama: Basi namba ya mwenye nyumba uliyofikia nipe, na ya huyo mwongozaji. Na chandarua ufunge hata kama hamna mbu.

Zuhura: Nakutumia pembeni sasa hivi, mama. Mtumbwi unaondoka alfajiri maji yakijaa.