Mikutano ya mameneja wa miradi imegeuka soko la PDU: waandaaji, tunadai maelezo

Ndugu wanajukwaa,

Nimevumilia jambo hili kwa muda mrefu nikitumaini kwamba lingerekebishwa, na sasa nimeona ni afadhali niliandike hapa mbele ya wanataaluma wenzangu kuliko kuendelea kunung'unika mlangoni kila tunapotoka ukumbini. Mikutano inayotangazwa kuwa ya kujifunza na kufahamiana kwa mameneja wa miradi imegeuzwa kuwa mahali pa kununulia pointi za kuhuisha vyeti. Waandaaji wanalijua hilo vizuri, kwa sababu kitu cha kwanza kwenye matangazo yao ni idadi ya PDU, yaani pointi hizo, ilhali mada zenyewe zinaelezwa kwa mstari mmoja usioahidi chochote.

Kwa wasioufahamu utaratibu, mwenye cheti cha umeneja wa miradi kiitwacho PMP, ambacho PMI, taasisi ya Marekani ya taaluma hii, imekuwa ikikitoa tangu mwaka 1984, anatakiwa kukusanya PDU 60 katika kila mzunguko wa miaka 3, na angalau 35 kati ya hizo zitokane na kujifunza. Saa moja ya mafunzo ni PDU moja. Sina ugomvi na kanuni hiyo, kwani mtu anayekabidhiwa fedha na muda wa wengine hastahili kubaki na maarifa ya mwaka aliofanyia mtihani. Ugomvi wangu ni na waandaaji waliokwisha kubaini kwamba mtu anayekimbizana na tarehe ya mwisho ya cheti chake atalipa ada bila kuuliza atafundishwa nini. Kanuni inahesabu saa na haina namna ya kupima kilichoingia kichwani, na katika mwanya huo ndimo wanamojipatia riziki. Mtoa mada naye anahesabiwa PDU kwa kutoa mada, kwa hiyo kila aliyemo ukumbini anaondoka na alichokifuata, isipokuwa yule aliyekuja na tatizo la kweli kutoka kazini kwake.

Nitoe mfano mmoja, maana malalamiko ya jumla hupuuzwa kirahisi. Katika mkutano wa mwisho niliohudhuria, mada kuu ilikuwa usimamizi wa vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kuharibu mradi, na aliyepewa jukwaa alikuwa mfanyakazi wa kampuni iliyodhamini mkutano huo. Tulioneshwa kurasa za programu yao moja baada ya nyingine: hapa unabonyeza, hapa rangi inageuka kuwa nyekundu, hapa ripoti inatumwa yenyewe kwa wakubwa. Dada mmoja aliyeketi safu ya nyuma yangu akanyoosha mkono. Alieleza kwamba mkandarasi wake amechelewa, kwamba mfadhili wa mradi anajua, lakini ameagizwa aendelee kuandika kijani kwenye ripoti, yaani kwamba mambo yanakwenda vizuri, hadi kikao cha bodi kipite. Akauliza afanye nini. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akasema muda hautoshi na kwamba maswali yapelekwe kwenye meza ya mdhamini iliyoko nje. Yule dada akaketi, watu wakapiga makofi, na programu ikaendelea.

Kusema kweli niliumia. Maadili ya PMI, ambayo kila mwenye PMP amekubali kuyafuata, yamesimama juu ya mambo manne: uwajibikaji, heshima, haki na uaminifu. Swali la yule dada liligusa uaminifu moja kwa moja, na bila shaka ukumbi ule ulikuwa na watu waliowahi kusukumwa kuficha ucheleweshaji na wanaojua jinsi ya kuiandika taarifa mbaya kwa maneno ambayo bodi haiwezi kuyakwepa. Dakika kumi za watu hao zingekuwa na faida kuliko saa nzima ya kurasa za programu. Rejista ya vihatarishi inaweza kujazwa na yeyote; kumweleza mkubwa wako asichotaka kusikia ndiko kunakohitaji mafunzo.

Jambo la pili ni mifano inayotumika. Karibu kila mtoa mada anatuletea Jumba la Opera la Sydney: makadirio ya dola milioni 7 za Australia yaliyoishia kuwa milioni 102, na jengo lililotarajiwa kukamilika mwaka 1963 likafunguliwa mwaka 1973. Ni mfano mzuri, nami naukubali, hasa ukieleza kwamba ujenzi ulianza kabla ya wahandisi kujua paa litasimamaje. Lakini nani asiyejua habari hiyo sasa? Hatujawahi kumsikia mtoa mada akisema: huu ni mradi wangu, hapa mawanda, yaani kazi tuliyokubaliana kuifanya, yalianza kutanuka, ombi hili la mabadiliko nililikubali bila kulipima, na hii ndiyo gharama yake. Ukiwauliza waandaaji, wanajibu kwamba siri za waajiri haziruhusu. Jibu hilo halitoshi. Kanuni ya Chatham House imekuwepo tangu mwaka 1927: mshiriki anaruhusiwa kutumia alichokisikia, lakini haruhusiwi kumtaja aliyekisema wala taasisi yake. Kuitangaza mwanzoni mwa kikao hakugharimu chochote, na watu wangefunguka.

Kuhusu huko kufahamiana tunakoahidiwa, mnapewa nusu saa, muziki ukiwa juu kiasi kwamba lazima umsogelee mtu sikioni, na waliotoka ofisi moja wanasimama pamoja mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayejali kumkutanisha msimamizi wa mradi wa ujenzi na mwenzake wa ujenzi, au mgeni katika kazi hii na mzoefu wa kumwongoza. Ila orodha yetu ya majina na namba za simu inawafikia wadhamini bila kukawia, na wiki hiyo hiyo wauzaji wanaanza kutupigia. Mimi sikumbuki kuombwa idhini yangu.

Kwa hiyo ninawataka waandaaji wanaopita humu waeleze mambo haya kwa maandishi. Kwanza, kwa nini tangazo halisemi kwamba mtoa mada ameletwa na mdhamini, ili anayelipa alipe akijua. Pia watueleze ni kwa idhini ya nani mawasiliano yetu yanagawiwa. Na watuambie kama wako tayari kutenga angalau nusu ya muda wa kila mkutano kwa vikundi vidogo, ambamo mshiriki anakuja na ratiba au rejista yake halisi, akiwa ameondoa majina, na wenzake wanaichambua.

Kwa wenzangu, kumbukeni kwamba kusoma vitabu na makala za taaluma kwa juhudi binafsi nako kunahesabiwa PDU za kujifunza, na hakuna ada ya ukumbi. Mimi nimekwisha kuwaandikia kwamba sitalipia mkutano ujao hadi maswali hayo yajibiwe. Walionijibu wamenitumia kiungo cha kupakulia cheti cha ushiriki, na maswali yangu hayakuguswa hata moja. Ndiyo maana nimeyaleta hapa, na ninaomba yeyote aliyewahi kupata jibu la maana kutoka kwa waandaaji hawa aliweke chini ya uzi huu.