Kwa nini jina la Billy Bitzer lilififia baada ya 1920?

Swali
Ndugu zangu, Billy Bitzer, mpigapicha wa sinema wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1872, alianza kufanya kazi na mwongozaji D. W. Griffith mwaka 1908, na kufikia 1916 walikuwa wamekamilisha filamu ya Intolerance. Katika miaka ya 1920 simwoni tena mstari wa mbele. Je, ni ustadi uliopungua, au kazi yenyewe ndiyo iliyobadilika?

Jibu la kwanza
Kazi ndiyo iliyobadilika. Bitzer alikuwa fundi wa umeme kabla ya kuwa mpigapicha, na kamera ya kwanza ya kampuni ya filamu ya Biograph ilimhitaji fundi hasa, kwani ilikuwa nzito, iliendeshwa kwa mota, na ilitoboa yenyewe matundu ya utepe wa filamu wakati picha zikipigwa. Mwaka 1905, alipopiga picha ndani ya reli ya chini ya ardhi ya New York, aliiweka kamera mbele ya treni iliyoifuata treni nyingine, huku taa zikibebwa na behewa lililokwenda sambamba kwenye reli ya pembeni. Huo ndio ustadi ninaouheshimu zaidi: hakungoja mwanga, aliupeleka alikoutaka. Mwaka 1909 akaigiza mwanga wa moto wa mekoni ukiangaza nyuso za familia. Lakini studio zilipokua, shughuli alizozifanya peke yake ziligawanywa kwa watu wengi.

Jibu la pili
Naomba The Birth of a Nation ya 1915 isirukwe. Filamu hiyo iliwadhalilisha Wamarekani weusi na kuwatukuza Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, na uzuri wa picha za Bitzer uliipa nguvu ya kuaminika. Tukimsifu kwa mengine, hilo nalo tulitaje.

Jibu la tatu
Nakubaliana nanyi wote wawili. Kwa swali lenyewe, naona jeraha lilianza mwaka 1919 katika filamu ya Broken Blossoms, ambapo Griffith alimleta mpigapicha Hendrik Sartov ampige mwigizaji Lillian Gish picha za karibu zenye ulaini wa ukungu, ilhali kwa zaidi ya miaka kumi uso wa mwigizaji ulikuwa amana ya Bitzer. Baadaye Bitzer alifanya kazi na filamu za zamani katika jumba la makumbusho la Museum of Modern Art, New York, na alifariki mwaka 1944.