Geti la kusukuma, oili chafu na mchicha wangu: unga wa grafaiti unafaa?

Mama Mchicha:
Habari wakuu. Nipo Tanga, karibu na bahari. Geti langu ni la kusukuma, linapita juu ya reli ya chuma. Aliyelifunga aliniambia likianza kulia nimwagie oili chafu. Mwaka wa pili huu namwaga. Sasa imeshikana na mchanga, imekuwa uji mweusi unaokwaruza kama msasa, na mvua ikinyesha unatiririka hadi kwenye tuta. Juzi nimeng'oa mchicha, mizizi inanuka gereji! Nasikia kuna unga mkavu wa grafaiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, haunasi mchanga. Unafaa?

Chuma Chakavu:
Dada, reli haitaki kilainishi chochote. Gurudumu linaviringika, halitelezi. Grisi inakaa ndani ya beringi tu. Kwangua huo uji, utie kwenye kopo, usiuoshe kuelekea bustanini. Baada ya hapo ni ufagio.

Grafaiti ni ya tundu la kufuli. Kwangua penseli ya 6B, ile ya wachoraji (HB ina udongo mwingi), paka ule unga kwenye ufunguo, ingiza na kutoa mara kumi hivi. Mafuta humo ndani yanageuka gundi.

Mama Mchicha:
Na komeo je? Nalo gumu.

Chuma Chakavu:
Komeo liko nje, linapigwa na chumvi. Grafaiti inapitisha umeme. Ikilowa juu ya chuma inakuwa kama betri, na kinacholiwa ni chuma. Alumini na galvanaizi (chuma kilichopakwa zinki) ndiyo usiipake kabisa. Sugua nta ya nyuki. Kuna na unga mweupe wa tefloni, ile ya vikaango visivyoshika, unateleza kweli, ila hauozi: ukifika kwenye tuta lako umehamia.

Wa Mirerani:
Nimechimba tanzanaiti miaka kadhaa, miamba yetu imejaa grafaiti. Unatoka shimoni mweusi ti, hata sururu inakuponyoka. Inateleza, sibishi. Ila usiipulize kwa mdomo, vumbi lake si la kuvuta.

Mama Mchicha:
Nimekwangua leo, kopo la rangi la lita 4 limejaa karibu nusu. Kufuli linafunguka kwa vidole viwili. Geti bado linalia. Nimechungulia chini: gurudumu la nyuma halizunguki hata kidogo, limeliwa upande mmoja limekuwa bapa. Kumbe muda wote nilikuwa naliburuta.

Chuma Chakavu:
Beringi imekufa hiyo. Pima kipenyo cha gurudumu kabla hujaenda dukani.