Mrejesho: mashine ya msasa na meza yangu ya mninga

Wakuu, nimerudi. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini mashine yangu ya msasa wa mkanda inachimba mabonde kwenye meza ya mninga, na mkanda unakimbilia pembeni.

Mabonde yalikuwa kosa langu. Nilikuwa naikandamiza kama napiga pasi jinzi, kumbe uzito wake unatosha. Sasa naiwasha ikiwa hewani, naishusha huku naisogeza, nafuata nyuzi za mbao, naiinua kabla ya kuizima. Yale mabonde yote yalikuwa pale niliposimama kujifuta jasho! (Joto la Dar mnalijua.)

Mkanda nao niliuvalisha kinyume. Ndani ya mkanda kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka, sikuwahi kuuona. Nikachomoa plagi, nikaugeuza, kisha nikazungusha kile kitufe cha pembeni kidogo kidogo hadi ukatulia katikati.

Nilianza na msasa namba 80, nikamalizia 120 ambao ni laini zaidi. Fundi mmoja wa Keko akanipa mbinu: chora penseli ubao mzima, alama zikifutika kwa pamoja uso umenyooka. Hii ndiyo iliyoniokoa.

Barakoa navaa, maana vumbi la mninga lilinipigisha chafya siku mbili. Aliyeshauri glovu za kitambaa, hapana mkuu, zinanaswa.

Vanishi naanza Jumamosi.