Binti anataka Sheria shuleni, baba yake kagoma. Naombeni ushauri

MamaWawili_Tabata
Habari za jioni wakuu. Binti yangu anasoma shule ya mtaala wa Cambridge hapa Dar. Kamaliza ngazi inayolingana na kidato cha nne, sasa anachagua masomo matatu ya miaka miwili ya mwisho. Historia na Fasihi ya Kiingereza hazina ubishi. La tatu anataka Sheria. Baba yake anasema Sheria inasomwa chuoni, shuleni achukue Uchumi. Tangu Jumapili sebule imegeuka baraza la usuluhishi. Ada yenyewe nusu ni ya vikoba, sitaki tukosee. Akiiacha atakwama akitaka shahada ya sheria?

Kanzu_Nyeusi
Dada, hatakwama, na akiisoma hatapewa upendeleo. Sijui chuo, hapa wala Uingereza, kinachodai uwe umesoma Sheria shuleni. Mimi niliingia Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Kinachotazamwa ni ufaulu. Ila cheti cha nje lazima NECTA, Baraza la Mitihani, wakipe ulinganifu kabla hajaomba chuo, msisubiri dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Halafu ajue safari ni ndefu: Mlimani miaka minne, kisha mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, ndipo aapishwe uwakili.

Mpigadebe_Buguruni
Kama anambishia baba yake tangu Jumapili na hajashindwa, mnauliza nini tena?

ChakiNyeupe
Nimewahi kulifundisha somo hilo. Ni Uingereza tupu: Bunge lao, mahakama zao, jinai, mikataba, madhara (yaani kumdai fidia aliyekuumiza, hata bila mkataba). Wizi atausoma kwa sheria yao ya 1968, wakati kwetu ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Asije akadhani anasoma sheria za nyumbani.

Utamu wake uko kwenye kesi. Kuna mama wa Scotland alinunuliwa soda na rafiki yake mwaka 1928, chupa ya rangi haionyeshi ndani. Kanywa, kumiminiwa iliyobaki, konokono aliyeoza huyo! Hakuinunua yeye, kwa hiyo hana mkataba na mtu. Amshtaki nani? Mwaka 1932 majaji wakasema mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mnywaji wa mwisho. Darasa zima linabishana mpaka kengele. Kesi hiyo atakutana nayo tena Mlimani, maana sheria yetu ilipokea ya Waingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Maamuzi yao ya baadaye, kama hili la soda, yanatushawishi tu, hayatufungi.

Mhasibu_Kigamboni
Mimi niko na mzee. Historia, Fasihi, Sheria: zote insha! Miaka 17 mtoto anabadilika. Kesho akitaka benki, anaanzia wapi?

Kanzu_Nyeusi
Mhasibu ana hoja, siikatai. Dada, kabla ya kujaza fomu mpeleke mahakamani siku ya kazi, mkae benchi la nyuma. Kesi nyingi zinasikilizwa hadharani, na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kisheria, hivyo hatahitaji mkalimani. Jioni afungue TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, ziko bure, asome moja mpaka mwisho. Akisinzia ukurasa wa tatu, mpeni Uchumi.

MamaWawili_Tabata
MREJESHO: Tulikwenda Jumanne. Tumekaa tangu saa tatu asubuhi, kesi ikaitwa, upande wa mashtaka wakasema upelelezi haujakamilika, ikaahirishwa wiki mbili. Dakika tano tu! Nikajua hapo ndipo hamu imekufa. Tunatoka nje ananiuliza, "Mama, yule anarudi rumande. Hizo wiki mbili mbili nani anazihesabu?" Sikuwa na jibu. Alipomuuliza baba yake akajaribu kujibu, wakabishana mpaka taarifa ya habari ikawapita.

Fomu imejazwa: Historia, Fasihi, Sheria. Mzee amesaini mwenyewe. Vitabu vya Uchumi ataazima kwa binamu yake, hilo ndilo sharti alilotoa. Hukumu ya TanzLII aliyoichagua ni ya mgogoro wa kiwanja, kurasa 31, na bado ananisomea nikiwa jikoni.