Sindano za steroidi kwa wachezaji wa mitaani: ni tiba au tunawamaliza vijana?

Kocha wa Temeke (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha timu ya vijana. Beki wangu wa kati ana miaka 19. Jumapili alishindwa hata kupanda daladala, goti limevimba. Alhamisi kaja mazoezini anaruka vichwa kama hakuna kilichotokea. Nilipombana, kumbe mfadhili wa timu anayoichezea ndondo kamlipia sindano ya steroidi ili acheze robo fainali. Ni ya tatu tangu Machi. Kachomewa chumba cha nyuma cha duka la dawa, hakuna eksirei, hakuna aliyemuuliza kaumiaje. Alinionyesha pale pa sindano: doa jeupe pembeni ya goti, ngozi imebonyea kama embe lililogongwa. Nasema hivi: mchezaji wa chini ya miaka 21 asichomwe sindano hii mpaka daktari wa mifupa aandike. Mnasemaje?

Namba Tatu Mstaafu
Mwalimu, unawatisha watu. Nilichomwa bega 2019, wiki moja tu nikaanza kuvaa shati bila msaada wa mke wangu. Hii ni dawa ya hospitali, na waliogundua kotizoni, steroidi ya kundi hili hili, walipewa Nobel 1950. Shida yetu tukisikia steroidi tunafikiria zile za kutunisha misuli, wakati ni vitu viwili tofauti kabisa. Na msiniletee habari za mazoezi. Nilikaa miezi minne kwa wachua misuli, hela ikaisha, bega likabaki lile lile.

Dada Viungo
Wachua misuli? Kaka, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nimesomea Moshi, sikujifunzia kwenye benchi la timu na chupa ya mafuta ya karafuu. Ukienda kwa mtu asiyesomea halafu bega lisipone, usitubebeshe sisi. Inaniuma kwa sababu kila siku nawapokea watu wameshachelewa miezi kwa maneno kama haya yako.

Mzee wa Bonanza
Dada punguza hasira, kuchua si tusi. Bibi yangu alichua watu Tanga miaka 40 na hakusoma popote. Tukirudi kwenye sindano: Nadal, yule wa tenisi, mwaka 2022 alichomwa mguu kila mechi na kombe la Roland Garros akalibeba. Leo mnatuambia steroidi inaua miguu?

Dada Viungo
Mzee wangu, shikamoo. Nadal alichomwa ganzi kwenye neva ili asiusikie mguu, na akasema mwenyewe hataki kuendelea kucheza hivyo. Ganzi inazima maumivu kwa saa chache, steroidi inapoza uvimbe kwa wiki kadhaa. Hapa mitaani mara nyingi vinachanganywa kwenye bomba moja, ndiyo maana kijana anainuka kitandani palepale anadhani kapona. Na bibi yako namheshimu, ila goti lililochanika ndani halichuliki.

Mzee wa Bonanza
Marahaba. Ila umemgusa bibi.

Mkimbiaji wa Iten
Ndugu zangu wa Tanzania, mnabishana kuhusu kuchua na kuna jambo linawapita. Tangu tarehe 1 Januari 2022, sindano zote za dawa hizi, hata ya ndani ya goti, haziruhusiwi wakati wa mashindano bila kibali cha matibabu, kwa sheria za kupinga dopingi, yaani dawa zilizokatazwa michezoni. Huku Kenya triamsinoloni, mojawapo ya steroidi hizi, imetuumiza sana. Diana Kipyokei alishinda marathoni ya Boston 2021, akapokonywa taji baada ya dawa hiyo kupatikana kwenye sampuli yake. Ukichomwa kwenye msuli wanahesabu mpaka siku 60 kabla ya kuwa salama. Huyo beki akipata bahati ya kuitwa timu kubwa halafu apimwe, atasema nini? Mtu wa duka la dawa hakumwandikia hata jina la dawa.

Jembe la Mbagala
Sasa Mkenya unatuletea mambo ya dopingi yenu huku. Sisi ndondo hatupimwi, tunacheza tupate bati na jezi.

Mkimbiaji wa Iten
Yenu, yetu, goti ni goti bwana. Nimepoteza marafiki wa mazoezi kwa njia hii. Hawakufa, ila hawakimbii tena. Usinijibu kama mgeni.

Daktari wa Zamu
Niingie kidogo. Sindano ya steroidi ina kazi yake. Bega lililoganda, kidole kinachokwama, kifuko cha maji kilichovimba kwenye nyonga: natoa, na watu wanapata nafuu. Namba Tatu huenda bega lake lilikuwa la aina hiyo. Ila kwenye kano, ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, ni hatari. Dawa inapunguza uvimbe na pia inadhoofisha nyuzi za kano, ndiyo maana kano ya kisigino hatuichomi ndani. Kwenye goti kuna utafiti wa Marekani wa 2017: watu 140 wenye magoti yaliyochakaa, nusu sindano ya triamsinoloni kila miezi mitatu kwa miaka miwili, nusu maji ya chumvi yasiyo na dawa, ili kulinganisha. Waliopata dawa gegedu, ule mfupa laini wa ndani ya goti, lilipungua zaidi, na maumivu hayakutofautiana. Hao ni watu wazima. Mtoto wa miaka 19, sindano tatu tangu Machi, bila kujua ndani kumechanika nini? Mwalimu uko sahihi. Lile doa jeupe ni dawa imekula mafuta ya chini ya ngozi na kufifisha rangi.
Ila na Dada Viungo aniruhusu: nimempokea mgonjwa goti limejaa usaha, kafanyishwa mazoezi wiki mbili na watu wa viungo.

Dada Viungo
Daktari nakuheshimu lakini hilo umelileta kwa nini? Mmoja aliyekosea unatuvalisha wote? Na mimi nihesabu waliochomwa kiwiko na madaktari mara nne wakaja kwangu hawawezi kushika sufuria? Utafiti wa Australia, 2013, watu 165 wenye maumivu ya kiwiko: waliochomwa steroidi walipata nafuu haraka, halafu ndani ya mwaka asilimia 54 tatizo likarudi. Waliochomwa maji ya chumvi, asilimia 12. Mtu anafurahia wiki ya nne, mwezi wa sita analia. Anayempokea akilia ni mimi.

Daktari wa Zamu
Hizo takwimu ni za kweli. Kuhusu usaha nilikosea kusema "watu wa viungo" kwa ujumla. Samahani.

Namba Tatu Mstaafu
Mimi sijaombwa samahani na nimeitwa mjinga na watu watatu.

Jembe la Mbagala
Hakuna aliyekuita mjinga, soma vizuri.

Kisigino cha Keko
Nimekuwa nasoma tu, nimeshindwa kunyamaza. 2016 nilikuwa winga. Kisigino kiliuma nikachomwa mara mbili, mtu mwenyewe akaniambia "hii utakimbia hata kesho." Nikakimbia kweli. Wiki ya tatu, dakika ya 60 hivi, napiga hatua ya kwanza kuufuata mpira, nikasikia paa! kama nimepigwa teke kwa nyuma. Nikageuka kumtukana beki. Beki alikuwa mbali, kashika kiuno, ananishangaa. Nilipokanyaga, mguu haukuwa na kitu. Upasuaji alilipia shemeji yangu. Leo nikishuka ngazi nashuka kiubavu. Mwalimu, huyo mtoto mkalishe chini.

Mfadhili Mtaani
Kwa kuwa tunasemwa sisi, niseme. Nafadhili timu, sina siri. Kijana mwenyewe ndiye anakuja usiku anakuomba, anakwambia nyumbani wanamtegemea, akikosa robo fainali skauti hatamwona. Nimkatalie? Nalipa sindano kama ninavyolipa nauli na maji. Sijawahi kumlazimisha mtu.

Kisigino cha Keko
Na mimi niliomba. Nilikuwa na miaka 22, nikaomba. Aliyenilipia hajaja kuniona hata siku moja.

Mfadhili Mtaani
Sasa mimi na huyo wako tunahusianaje?

Mzee wa Bonanza
Mfadhili, hiyo hela ya sindano tatu ingetosha eksirei na nauli ya kliniki. Lijibu hilo kwanza.

Jembe la Mbagala
Na skauti gani huyo anakuja ndondo? Nimecheza miaka saba sijamwona.

Mfadhili Mtaani
Wapo. Msimu uliopita walikuja wawili.

Jembe la Mbagala
Wa timu gani?

Kocha wa Temeke
Wakuu, mambo ya skauti mfungue uzi mwingine. Nimetoka kwa mama wa kijana sasa hivi. Alidhani ni sindano ya vitamini. Kesho namchukua hospitali kupiga picha, na Jumamosi hachezi, nimempigia mfadhili wake na tumegombana. Dada Viungo, wakisema hakuna kilichochanika aanze na nini? Ile mipira ya kuvutia mguu nimeona bei, siiwezi.

Dada Viungo
Usinunue, mwalimu. Nenda kwa fundi baiskeli umwombe tyubu iliyochoka. Kata kama mita moja, funga kwenye mguu wa kitanda, ncha nyingine kwenye enka. Avute taratibu, kumi mara tatu. Ila majibu ya picha kwanza, nitumie nione.

Namba Tatu Mstaafu
Dada, hiyo tyubu na bega inafaa? Limeanza tena tangu mwezi uliopita.